Nimelipa dola 380 kwenda kuona bahari

Chekeni tu, lakini akitokea mtu anamjua mke wangu asimwambie kama nimeihadithia hii, maana tushakubaliana haijawahi kutokea.

Upatu wangu wa kazini ulinifika mwezi wa mfunguo nane, na mimi tangu nioe, mwaka wa kumi na moja huu, sijampeleka mama Naila pahala zaidi ya Forodhani na viwanja vya sikukuu Kariakoo. Kila siku nasikia shoga yake fulani kapelekwa wapi, bas nikasema safari hii namziba mdomo. Jamaa yangu mmoja anazungusha watalii akanitafutia hoteli ya nyota tano huko kusini ya Unguja, kati ya Paje na Jambiani, chumba kimeelekea bahari, bei ya wenyeji dola 380 usiku mmoja. Nikamuuliza hiyo ndo ishapunguzwa? Akanambia wewe unataka bahari au unataka kubishana.

Sasa hapo pana jambo. Mama mkwe wangu anakaa hapohapo, yani ukitoka hotelini ukafata ufukwe hujamaliza pakti ya njugu ushafika mlangoni kwake. Tukakubaliana bi mkubwa asijue, kwanza atauliza bei, na pili nna deni lake la mabati la tangu mwaka juzi. Watoto tukawapeleka kwa dada yangu Mwanakwerekwe, mama tukamwambia tuna harusi mjini.

Tukashuka kwenye daladala la 309, mimi na shati langu la Idi, mama Naila na kikapu chake cha ukili kwa sababu hawezi kusafiri bila chupa ya chai. Mlinzi wa getini akatutazama juu mpaka chini, akatutazama na kikapu, akasema mboga zinaingilia mlango wa nyuma. Nikamtolea karatasi ya buking. Akaisoma mara mbili, akaigeuza na nyuma.

Risepsheni wakatupa dafu lina ua la asumini juu, wakasema chumba bado kinatayarishwa, tukae. Tukakaa. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Juu ya vichwa vyetu limetundikwa dema, dema hilihili la kuvulia pono, limetiwa globu ndani, na mama Naila hajaacha kuliangalia, mwisho akasema babu yake angeliona hili angelia. Nyuma ya ukuta naisikia bahari inapiga, imejaa kwelikweli, kila wimbi likipiga mimi nahesabu dola. Nikauliza hatuwezi kwenda kuiona kidogo huku tunasubiri? Wakasema ufukweni hadi mtu awe na kijikamba cha mkononi, na kijikamba kinatolewa chumba kikiwa tayari.

Chumba kikatoka saa kumi na nusu. Kizuri, sisemi uongo, kitanda cha samadari, chandarua kama cha bibi harusi, kwenye sinia matunda yamepangwa. Ila eisi inapuliza joto. Fundi akaja, akapanda kiti, akashuka, akaenda kuleta mwenzake, mwenzake naye akapanda kiti. Halafu bafu liko nje na halina paa. Nikadhani bado wanajenga, kijana akanambia ndivyo lilivyo, wageni wanapenda kuoga chini ya nyota. Mimi kwetu Makunduchi nilikoga chini ya nyota miaka kumi na mbili bure na nilichokuwa nakiomba Mungu ni paa.

Mafundi wanaondoka jua lishazama, tukatoka mbio kwenda kuiona bahari, ishatoka zamani, iko mbali huko inang'ara. Nikamwambia mke wangu usijali, kesho asubuhi.

Chakula cha usiku tukaona kwenye menyu urojo, dola 14. Nikasema hebu tuone urojo wa dola 14 una nini ndani. Ukaja kwenye kikombe cha kahawa. Kachori mbili kama gololi, chipsi za muhogo tatu zimesimamishwa kama mnara, hakuna bajia, hakuna mishkaki, na jani. Kijana akaanza kutufahamisha kwa Kiingereza kwamba hiki ni chakula cha asili cha watu wa Unguja, mama Naila akainua uso, kijana akanyamaza ghafla.

"Mwalimu?"

Kumbe kamsomesha darasa la sita. Bas ikabidi mke wangu akae wima, ajifanye hii kwake ni kawaida, na mimi nijifanye nimeshiba. Yule kijana Mungu ambariki, baada ya nusu saa akatuletea kwa kificho sahani ya wali na maharage ya nazi kutoka jikoni kwa wafanyakazi, kaifunika kitambaa. Tumekula tumeinamisha vichwa kama wezi.

Sasa usiku. Saa saba hivi nikasikia kitu kinashuka ukutani kule bafuni kusikokuwa na paa. Kishindo, kimya, halafu sinia ikalia kwaa! Nikafungua jicho, nikaona kitu cheusi kimekaa juu ya meza, macho mawili mekundu kila moja kama shilingi, kinanitazama. Mimi 1995 nilikuwa darasa la pili, nakumbuka vizuri mtaa mzima tulivyolala uwanjani kwa hofu ya Popobawa, na wallahi sikufikiri chengine. Nimepiga ukelele ambao mama Naila mpaka leo anauiga mbele ya watoto. Naye kaamka akapiga wake, yule kiumbe naye akapiga wake, kama mtoto mchanga anayekabwa, akarukia juu ya chandarua, chandarua kikatushukia sote.

Walipofungua mlango, Mmasai na fimbo yake na meneja na tochi, wametukuta tumo ndani ya chandarua kama dagaa. Meneja akamulika darini. Komba. Amekaa kwenye boriti anamenya ndizi yangu ya dola 380.

"Huyu mpole, bosi," akasema. "Wageni wanampenda sana, ana jina lake."

Jina akanitajia. Sikulishika.

Alfajiri nikasali, nikayasikia mawimbi yako chini ya dirisha kabisa, nikasema alhamdulillah ipo, ntaiona kukikucha. Nikajilaza kidogo. Nimeamka saa nne kasorobo, nikavuta pazia kwa mbwembwe ili mama Naila aione mwenyewe.

Hakuna bahari. Mchanga, majani, majongoo ya bahari, ngarawa zimelala ubavu, vijiti vya mwani safu kwa safu mpaka huko, na mbali kabisa kwenye mwamba kamstari keupe. Mama Naila akajimiminia chai yake ya kwenye chupa. "Baba Naila," akasema taratibu, "bahari yako wameipeleka wapi?"

Nikavaa lile koti la taulo la hoteli na ndara zao nyeupe nikashuka nikaulize, yani kama vile kuna mtu wa kuuliza. Nafika mchangani tu, mbele yangu anakuja mwanamke kajitanda kanga, anaburura polo, yani gunia, la mwani. Nikaujua mwendo kabla sijauona uso. Bi mkubwa analima mwani hapo tangu 1989 ulipoletwa, na bamvua, yani yale maji yanayojaa na kutoka sana, hata moja halimpiti, na mimi nakuja kujificha hapohapo.

"Weye si uko harusini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga nguo hiyo."

Upepo ulikuwa mkali. Nikaishika kwa mikono miwili. Akaniangalia, akaiangalia hoteli, akaniangalia tena.

"Jana mwezi umeuona?"

"Nimeuona mama, ulikuwa mzima."

"Mwezi ukiwa mzima saa nne maji yako kwenye mwamba, hata Naila analijua hilo. Wataka kukoga, njoo saa kumi."

"Saa kumi nilikuwa risepsheni, mama, nakunywa dafu."

Hakujibu. Akanisukumia polo. Nikageuka nimtafute mke wangu aje aniokoe, nikamuona yuko juu barazani, anarudi nyuma pole pole, anafunga pazia.

Mwani mbichi mzito asikwambie mtu. Koti nikalifungua, nikalifunga kiunoni kama kikoi, polo begani, maji ya chumvi yananichirizika mgongoni, ndara za nyota tano moja ikabaki kwenye tope, sijui mpaka leo. Tuko karibu na chanja ya kuanikia akatokea mzungu mmoja na mkewe, wamefurahi kweli, wakanipiga picha mbele, wakanipiga ubavuni, wakaomba nilinyanyue polo tena. Halafu akanitilia noti mkononi akanipiga bega.

Dola mbili.

Bi mkubwa akatoa mkono. "Lete hizo," akasema, "tutazipunguza kwenye yale mabati."