Kiingilio cha chini pekee hakijazi meza
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba kiingilio kikishuka hadi shilingi 3,000, mashindano ya poka ya kuzunguka Nairobi, Mombasa na Kampala yatajaa yenyewe. Hapo ananipoteza. Niligawa karata kwenye kasino moja Nairobi kwa miaka minne na sikuwahi kuona mtu akikwazwa na kiingilio peke yake. Anayetoka Mombasa analipia treni, chumba cha siku mbili na chakula kabla hajashika karata. Akitolewa dakika ya 40 kwa sababu blaindi (dau za lazima ambazo wachezaji huweka kabla ya karata kugawiwa) zinapanda kila dakika 10, harudi tena. Halafu kuna makato. Sisi tulikata 900 kwenye kila 3,000, yaani wakikaa watu 40, kasino inabaki na 36,000 na zinazogombewa ni 84,000. Hiyo ndiyo bei nafuu? Kinachofaa ni mchujo wa bei ndogo kila mji, mshindi alipiwe nafasi ya fainali pamoja na nauli. Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake halisi, msicheke) alipitia mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akaingia World Series of Poker ya 2003, mashindano makubwa ya poka ya Las Vegas, yenye kiingilio cha dola 10,000, akatoka na milioni 2.5. Na blaindi zipande kila dakika 30 ili mchezo uchukue muda zaidi, hata mameneja wakinung'unika kuhusu mishahara ya usiku. Nyinyi wa Kisumu na Eldoret, mchujo ukiletwa kwenu Jumamosi mtatoka, au mshazoea kubeti kwenye simu?