Wameru Walikuwa na Pa Kulalamikia

Kila Desemba 9 ikikaribia, lazima mtu aandike kwamba Tanganyika ilipata uhuru kwa amani kwa sababu sisi ni wapole, si kama jirani zetu wa Kenya. Kauli hii inaniudhi, na ikitoka kwa mtu wa Arusha inaniuma zaidi, maana jibu lake liko Engare Nanyuki, hapohapo Umeru.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, ili walowezi wapate eneo moja lisilokatika la kufugia ng'ombe. Wenyewe wakaelekezwa Kingori, kwenye joto, malaria na ndigana, ugonjwa unaoua ng'ombe.

Sasa tazama vita vilivyofika hadi kwenye boma la Mmeru. Makaburu walikuja huku baada ya vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, Mjerumani akawagawia ardhi. Vita vya Kwanza vikamwondoa Mjerumani, lakini Mwingereza hakupewa nchi hii iwe mali yake. Alikabidhiwa aitunze, kwanza kwa niaba ya Ushirika wa Mataifa, kisha, baada ya Vita vya Pili, chini ya Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo penye kiini cha yote. Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa iliruhusu Baraza la Udhamini kupokea malalamiko kutoka nchi zilizo chini ya udhamini, yaani zilizokabidhiwa kutunzwa kama Tanganyika, na kutuma ujumbe kuzikagua. Kenya ilikuwa koloni. Mkikuyu aliyenyang'anywa shamba hakuwa na mlango huo. Oktoba 1952 Kenya ikatangaziwa hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Mwaka huohuo Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, kwa michango ya Wameru, akiwa na hoja zilizoandaliwa pamoja na Earle Seaton, wakili wa Moshi. Upole hauhusiki hapa. Watu wale walikuwa na hasira kama jirani zao, ila wao walikuwa na pa kuipeleka.

Ni kweli, hawakushinda. Kwenye Baraza Kuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura, na ardhi haikurudi wakati ule. Lakini TANU, chama cha kudai uhuru, ilipoanzishwa 1954 iliwakuta Wameru wanajua tayari kuchanga, kutia sahihi na kuchagua msemaji, na Machi 1955 Nyerere akapita mlango uleule.

Leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuifikia moja kwa moja. Kutoka Mbuguni, huku Umeru, hadi mahakamani ni safari fupi ya gari; Kirilo alivuka bahari na akasikilizwa. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Kilichobaki mkononi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa, yaani isiwe tena ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri. Kwa hiyo mkiitwa mkutanoni, sikilizeni kwanza ukubwa wa eneo, ulizeni fidia kabla ya kunyoosha mikono, na msikubali karatasi ya mahudhurio itumike kama sahihi za kuridhia. Ombeni nakala ya muhtasari siku ileile.