Sauti ya Wadalit mtandaoni: mlango wao wenyewe

Mwaka 1920, Dk. B. R. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa nchini India, alipoanzisha gazeti la Mooknayak, yaani kiongozi wa mabubu, gazeti kubwa la Kesari lilikataa kulitangaza hata kwa tangazo la kulipiwa. Mwaka 2021 mwanahabari Meena Kotwal alianzisha chombo cha mtandaoni, akakipa jina lilelile. Safari hii hapakuwa na mhariri wa kupigiwa hodi.

Na hodi hizo kwa kawaida haziitikiwi. Mwaka 2019 shirika la Oxfam India na tovuti ya habari ya Newslaundry walichunguza nafasi 121 za uongozi katika vyumba vya habari vya India: 106 zilikuwa mikononi mwa watu wa matabaka ya juu, na hapakuwa na Mdalit hata mmoja. Wadalit, walioitwa "wasioguswa" kwa sababu tu ya ukoo waliozaliwa, ni zaidi ya milioni 200 kwa sensa ya 2011.

Ndiyo maana naipenda kazi ya Khabar Lahariya. Ilianza 2002 huko Chitrakoot, Uttar Pradesh, ikiwa gazeti la karatasi la wanawake wa vijijini, Wadalit wakiwa miongoni mwao. Leo wanashika simu na kurusha habari mtandaoni. Aliyekulia kwenye kijiji ambako kuna kisima asichoruhusiwa kuchota maji hahitaji kuelekezwa aulize nini.

Lakini simu hiyohiyo wanayo pia wanaowaonea. Julai 2016, katika mji wa Una, jimbo la Gujarat, vijana wanne wa Kidalit walifungwa kwenye gari na kuchapwa hadharani kwa sababu ya kuchuna ngozi ya ng'ombe aliyekufa, mnyama ambaye Wahindu wengi humwona mtakatifu. Waliorekodi na kusambaza video ni wapigaji wenyewe, wakijigamba. Video ikawageukia: huko Surendranagar, jimboni humohumo, Wadalit walimwaga mizoga ya ng'ombe mbele ya ofisi ya serikali kupinga unyama huo. Haki ilipata ushahidi. Hata hivyo, fedheha ya wale vijana bado inatazamwa na yeyote mwenye bando, na hilo siwezi kulihesabu kama ushindi mtupu.

Wapo wanaosema vyombo hivi vinawatenga Wadalit kwenye kona yao, huku magazeti makubwa yakipata kisingizio cha kutowaajiri. Wasiwasi huo ni wa kweli, na kona yenyewe haina fedha: inaishi kwa michango na ruzuku, tena kwenye majukwaa ya watu wengine. Ila kumwambia mtu asubiri nafasi aliyonyimwa miaka mia ni kumwambia anyamaze.

Mwaka 2022 filamu kuhusu Khabar Lahariya iliteuliwa kuwania Oscar. Dunia ikawasifu. Wanawake wale wakatoa tamko kwamba filamu imesimulia sehemu tu ya habari yao. Walilichapisha kwenye tovuti yao wenyewe.