Njia ya Ofisi ya Makamu Chansela Inazibwa Mapema

Kila nafasi ya makamu chansela, yaani mtendaji mkuu wa chuo, inapotangazwa katika chuo kikuu cha umma hapa Uganda, watu huuliza mbona wanawake walioomba ni wachache. Swali ni zuri, ila linachelewa. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inaonyesha jina linapitia wapi: kamati ya watu watano, watatu wa seneti na wawili wa baraza la chuo, inatafuta wanaofaa, seneti inachagua watatu, baraza linapendekeza, chansela anateua. Seneti, ambayo ina wakuu wa vitivo na maprofesa, ndiyo yenye ufunguo. Basi idadi ya wanawake watakaofika mwisho ilishapangwa miaka kumi au kumi na mitano nyuma, pale wahadhiri wanapopandishwa kuwa waandamizi, kisha maprofesa washiriki.

Hapo ndipo tunapopaswa kukaza macho.

Makerere ilianza mwaka 1922 na ikapokea wanawake wa kwanza, sita tu, mwaka 1945. Hata kaulimbiu ya chuo, iliyokuwa inawataka wanafunzi wawe wanaume, ilibidi ibadilishwe. Mwaka 1990 serikali ikaanza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 za kuingilia vyuo vya umma. Pointi hizo zilifungua mlango mpana, nami nazitetea bila kusita. Lakini msaada wake uliishia kwenye udahili wa shahada ya kwanza. Msichana aliyeingia mwaka huo akiwa na miaka ishirini leo yuko katikati ya miaka hamsini, umri wenyewe wa kuongoza chuo. Wako wapi wenzake wote? Wengi wamebaki wahadhiri.

Wanabaki kwa sababu kupanda cheo kunahesabiwa kwa mambo machache: shahada ya uzamivu, makala zilizochapishwa, fedha za utafiti ulizoleta, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu uliowasimamia hadi wakahitimu. Kazi nyingine za idara hazina uzito huo. Kupanga ratiba ya mitihani, kukaa kamati ya nidhamu, kuwasikiliza wanafunzi wa kike wenye matatizo, kuandaa mahafali: kazi hizi hupewa mwanamke kwa maneno ya sifa, eti ana mpangilio mzuri. Zinakula saa zake za kuandika. Siku ya kupandishwa cheo hakuna anayeziuliza.

Likizo ya uzazi nayo inaleta hasara isiyoandikwa popote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, yaani wiki kumi na mbili. Mshahara haukatwi, sawa. Kinachokatika ni usimamizi. Wanafunzi wake wa uzamivu hukabidhiwa mhadhiri mwingine “kwa muda”, kisha hawarudi, na jina linalosomwa kwenye mahafali ni la huyo mwingine. Dawa yake ni karatasi moja iandikwe kabla ya kuondoka: jina la kila mwanafunzi, amefikia hatua gani, nani anamshika, tarehe ya kumrudisha, na saini ya mkuu wa idara. Nakala moja iende ofisi ya masomo ya uzamili. Bila nakala hiyo, mkuu wa idara akibadilishwa, makubaliano nayo yamekwisha.

Kisha kuna ukaimu. Mwanamke hupewa kitivo akaimu kwa miezi sita, inaongezwa sita mingine, halafu sita tena. Kazi anaifanya yote, lawama anazibeba zote, ila hawezi kupanga mambo ya miaka mitatu mbele, na waliomzidi umri wanajua kwamba wakingoja kidogo ataondoka. Anayepewa barua ya ukaimu aisome mambo manne kabla ya kusaini: tarehe ya mwisho, mamlaka ya kutia saini malipo, posho, na kama muda huo utahesabiwa anapoomba nafasi kamili. Ikiwa la mwisho halimo, aombe liandikwe. Akiwa bado anabembelezwa akubali, ana nguvu ya kuomba. Akishaingia ofisini, atajibiwa asubiri.

Wengine huingia ofisini wakidhani cheo kimekuja na fedha. Katika chuo cha umma, afisa masuuli ni katibu wa chuo. Yeye ndiye anayejibu hoja za matumizi mbele ya Bunge. Makamu chansela ana dira, katibu ana kalamu. Kalenda nayo haimsubiri mtu: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2015 andiko la mwelekeo wa bajeti linatakiwa liwe Bungeni kufikia Desemba 31. Kiongozi anayeapishwa Februari anakuta fedha za mwaka unaofuata zimeshagawanywa. Wenzake watamhukumu kwa kushindwa kutekeleza ahadi ambazo hazikuwa na fungu. Sheria hiyo hiyo inataka bajeti zipate cheti cha usawa wa jinsia, na Tume ya Fursa Sawa inahusishwa. Hicho ni chombo kizuri: kupitia hicho mtu anaweza kudai chumba cha kunyonyeshea au njia za mteremko kwa viti vya magurudumu kama sehemu ya mpango, bila kuonekana anaomba hisani.

Tazama pia wanawake wamepewa vyuo gani. Mary Okwakol alikuwa makamu chansela wa kwanza wa Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007. Marehemu Christine Dranzoa alikijenga Muni kule Arua. Joy Kwesiga ameongoza Kabale, kilichofanywa chuo cha umma mwaka 2015. Watatu hawa walishika vyuo vichanga, mbali na Kampala, majengo machache na wahadhiri wa kutafuta. Walifanya kazi ngumu kuliko nyingi, nawaheshimu sana. Makerere, yenye zaidi ya miaka mia, bado haijapata makamu chansela mwanamke.

Vyuo vya mikoani vina kikwazo chake: hoja ya mwenyeji. Wazee na wanasiasa wa eneo hutaka chuo “chao” kiongozwe na mtoto wa pale. Mwanamke aliyeolewa mkoa mwingine anapoteza pande mbili, kwani alikozaliwa wanasema ameshaolewa, na alikoolewa wanasema amekuja tu. Kwa Mtwa wa Kisoro au Muik wa Kaabong hali ni nzito zaidi, maana jamii zao ni ndogo na hazina sauti kwenye mabaraza hayo ya wenyeji, ingawa ibara ya 36 ya Katiba inawapa haki ya kushiriki katika maamuzi.

Kuna jambo dogo la vikaoni ambalo wengi hulipuuza. Mwenyekiti mwanamke huitwa “Mama”, na kumbukumbu za kikao zikaandika hivyo hivyo, huku wanaume wakiandikwa “Profesa”. Heshima ya Mama ni kubwa kwetu, ila karatasi inayobaki kwenye faili iandike cheo. Katibu wa kikao aambiwe siku ya kwanza, kwa upole, na isahihishwe wakati kumbukumbu zinapothibitishwa, si baada ya mwaka.

Nao wajumbe wenye ulemavu wana viti viwili kwenye baraza la chuo. Kiti kipo, ila kabrasha la kurasa mia mbili linafika jana yake, limeskaniwa kama picha, na programu ya kusomea wasioona haiwezi kulisoma. Mjumbe kiziwi anakuta mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwa kikao cha saa tano, na ukalimani wa namna hiyo unahitaji watu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Ofisi ya katibu wa chuo inaweza kurekebisha haya kabla ya kikao kijacho: kabrasha litumwe siku saba mapema, liwe maandishi yanayosomeka na kompyuta, na wakalimani wawili wawekwe kwenye fungu lile lile linalolipia chai na posho za wajumbe.