Babu Alivyokiripoti Chuo Changu kwa Utapeli

Simu yangu ilizama Msangamkuu. Nilikuwa kwenye pantoni, nimeegemea ukingo natafuta mtandao nijue kama matokeo ya kidato cha sita yametoka, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akageuka ghafla, ndoo ikanigonga kiwiko, simu ikaruka. Yule mama alinipa pole na dagaa wa mboga. Wazuri, kusema kweli.

Kurudisha laini ingekuwa kazi ndogo kama isingesajiliwa kwa jina la baba, na baba alikuwa Tandahimba anapuliza salfa kwenye mikorosho. Sasa nani wa kumtoa mkulima wa korosho shambani mwezi wa saba kwa sababu ya laini? Basi kwenye maombi ya chuo, pale panapotaka namba ya simu, nikajaza ya Babu.

Babu anaishi Mikindani. Ana kiswaswadu kilichofungwa mpira ili betri lisidondoke, na anajua kusoma vizuri sana. Kumbe hapo kwenye kusoma ndipo palipokuwa na balaa.

Nilikuwa naomba shahada ya radiografia: mambo ya eksirei, siti skani na wenzake. Kwa waliosoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila mmoja ni daktari mtarajiwa, na ukisema wewe unataka mionzi wanakuangalia kwa huruma, kana kwamba umefiwa. Dirisha la maombi likifunguka ndipo unapowaona haohao wameijaza kama chaguo la pili, kimyakimya. Vyuo vinavyoitoa kwa ngazi ya shahada ni vya kuhesabu, nafasi ni chache, na Fizikia haina msalie mtume. Kwa hiyo niliomba kila kilipokuwepo.

Mimi kazi hiyo niliipenda siku Bibi alipoteleza kisimani akaumia mkono. Kwenye chumba cha eksirei kaka mmoja alimwambia avue bangili. Bibi akasema bangili hiyo haijavuka kiganja tangu aolewe, na haitavuka leo kwa ajili ya picha. Yule kaka hakubishana naye. Alileta sabuni ya maji, akachuchumaa mbele yake, akawa anaisukuma bangili kidogokidogo huku anamuuliza mahari yake ilikuwa kiasi gani. Bibi alipomaliza kulalamika kwamba ilikuwa ndogo, bangili ilikuwa tayari iko mezani. Kisha akatuonyesha picha: mionzi inapita kwenye nyama, mfupa unaizuia, ndiyo maana mfupa unatoka mweupe, chuma kinazuia zaidi, na bangili ile ingekaa palepale penye ufa. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, mweusi, kama unywele ulioanguka kwenye sahani. Nikasema kazi yangu ni hii.

Nyumbani nikamsimulia Babu kwamba aliyeigundua mionzi hiyo ni Mjerumani, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895, na kwamba alipiga mkono wa mke wake, ikatoka mifupa mitupu na pete yake. Babu akageuka akaliangalia Boma kule juu. Boma la Mikindani nalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895.

"Mwaka uleule," akasema. "Huku wanatujengea boma, kule wanachungulia mifupa ya watu. Hawakutaka kiwapite kitu wale."

Turudi kwenye kusoma kwake. Shangazi yangu aliwahi kutumiwa ujumbe unaoanza na "Hongera! Umeshinda", akatuma hela ya korosho yote kwenda kukomboa zawadi ambayo mpaka leo iko njiani. Tangu siku hiyo Babu alijiteua mkuu wa usalama wa ukoo. Kila ujumbe unaoingia anavaa miwani, anausoma kwa sauti, anautolea hukumu. Akiandikiwa "ile hela itume kwenye namba hii", anajibu: "Njoo uifuate, nipo Mikindani." Redioni akasikia kuna namba 15040 ya kuripoti matapeli. Akaikariri kabla hajaikariri namba yake mwenyewe.

Nilimweleza kwamba nimetumia simu yake kwenye maombi. Aliitikia. Baadaye aliapa kwamba siku hiyo nilikuwa naongea na redio.

Majina yalipotoka nilikuwa steshenari, Mtwara mjini. Kijana wa pale akafungua akaunti yangu, akanyamaza, kisha akapiga meza: nimechaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Nikapiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anatoa kopi ya hati ya kiwanja akaacha. Ila sasa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni kwamba ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu wanayokutumia kwenye simu uliyojaza. Usipothibitisha, nafasi anapewa mwingine. Na muda wa kuthibitisha ulikuwa unaishia usiku uleule.

"Namba imetumwa," yule kijana akasema. "Hujaiona?"

Sikuiona. Akasema hamna shida, tunaomba itumwe upya. Ikatumwa upya, kwa Babu. Tukasubiri kidogo, akasema labda mtandao, tujaribu tena. Ikaenda tena kwa Babu. Nikamwomba simu yake nipige.

"Babu, shikamoo."

"Nani wewe?"

"Mimi mjukuu wako. Kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako, una namba. Naomba unitajie hiyo namba."

Kimya. Nikasikia anamwambia mtu pembeni: "Wamepiga. Sasa wamepiga kabisa."

"Babu, ni mimi!"

"Sauti umeiiga vizuri, mwanangu," akasema kwa upole, upole ule wa mtu anayemvuta samaki taratibu. "Umesema wewe ni mjukuu wangu?"

"Ndiyo."

"Mjukuu wangu ana namba yake. Hii ya kwako siijui."

"Babu, simu yangu ilizama Msangamkuu, si unajua!"

"Hilo Mtwara nzima inajua. Jogoo wangu anaitwa nani?"

"Mkandarasi." Anaitwa hivyo kwa sababu huwa anaanza kuwika na hamalizi.

"Hilo nalo linajulikana."

Nyuma yake nikamsikia Bibi: "Si mke mwenzangu huyo? Mwambie akija aje na sukari!"

"Umeona?" Babu akasema. "Na bibi yake wameshamwingia." Akakata. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Kijana wa steshenari alikuwa ameinamia kibodi mabega yanamtikisika. Nikamlipa, nikakimbilia daladala ya Mikindani. Na daladala ukiwa na haraka ndipo kondakta anapogundua anawapenda abiria. Tulisimama kila penye mtu, na pengine penye mbuzi. Mimi nimekaa dirishani nahesabu wanaoitaka nafasi yangu, wale madaktari watarajiwa wote.

Nilipofika, barazani kwa Babu palikuwa na watu kama kuna maulidi. Wacheza bao walikuwa wameacha bao. Bodaboda walikuwa wamezima pikipiki. Mzee mzima kasimama katikati, miwani imeshuka puani, simu kaishika kwa mikono miwili, anasoma:

"Hongera! Sikilizeni wanavyoanza. Hongera, umechaguliwa. Nimechaguliwa na nani, na mimi nimeomba wapi? Halafu wanakupa namba. Wanatuma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu! Namba zenyewe hizi hapa, zishikeni, mkitumiwa mzijue!"

Na akazisoma. Moja baada ya nyingine, taratibu, kwa sauti ya kufika baharini. Namba ambayo mimi, damu yake, alininyima kwenye simu, alikuwa anaigawa kwa Mikindani nzima, hadi kwa muuza pweza.

Nikapenya katikati ya watu. "Babu, hiyo ya mwisho rudia."

Akashusha simu. Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. "Na wewe wamekutumia?"

"Ni yangu hiyo! Ni chuo! Ile kazi ya eksirei!"

Baraza lote likageuka kumtazama Babu. Babu hakutikisika. "Kama ni chuo," akasema, "kwa nini waanze kwa hongera? Chuo kinaanza kwa salamu."

Wazee wawili watatu wakakubaliana naye. Mmoja akasema kweli, hata shule ya msingi barua huanza na "Yahusu".

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na simu ya maana. Huyohuyo ndiye aliyemsaidia Babu kuandika UTAPELI na kutuma kwenda 15040, kwa hiyo hakuwa na nguvu ya kuninyima bando. Nikafungua akaunti yangu palepale, nikaanza kuingiza namba, Babu ananihemea shingoni: "Usibonyeze. Usibonyeze, watakausha mpaka hela ya mwenye simu." Bodaboda naye akaingia hofu, akawa anaivuta simu yake. Tukaivutana hivyo mpaka kidole changu kikafika. Ikaandika kwamba nimethibitisha.

Bibi akapiga kigelegele, kisha akauliza sukari iko wapi. Babu alienda kukaa kwenye bao, akasema mbele ya wote kwamba yeye alijua tangu mwanzo, alikuwa anawapima tu hao watu wa chuo kama wana subira.

Sasa niko chuoni, napanga wagonjwa wa mazoezi na kuwaambia vuta pumzi, bana, usipumue. Juzi hela ya kula iliniishia, na laini yangu mpya ina deni, hela ikiingia tu inakatwa. Nikaazima simu ya mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja, nikaandika: "Babu, ni mimi mjukuu wako, nimeishiwa, naomba unitumie hela kwenye namba hii, jina litakuja la rafiki yangu."

Jioni mwenzangu akaja na simu mkononi, ameiweka mbali na sikio, ananiuliza huyu mzee anayemfokea kwa Kimakonde ni nani, na kwa nini anamlazimisha amtajie jina la jogoo.