Mzani usikuzuge, chukua futi ya fundi

Likitajwa suala la unene na moyo, watu hukimbilia mzani. Mimi siuamini sana siku hizi.

Kile kipimo cha BMI, uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota, akimsaka binadamu wa wastani, na moyo wa mtu haukuwamo kabisa katika shughuli yake. Leo ukifika 30 unaambiwa una unene uliokithiri, basi, mjadala umefungwa.

Sisemi kilo hazina neno. Utafiti wa Framingham, ulioanza Marekani mwaka 1948, ulibainisha mwaka 1983 kwamba unene huongeza hatari ya maradhi ya moyo hata presha na lehemu (kolesteroli) zikishawekwa kando. Wapo wanaobisha kuwa kinachoua ni presha na sukari, unene unasingiziwa tu. Hao ni sawa na hakimu anayemwachia huru aliyewasha kiberiti kwa kuwa kilichounguza nyumba ni moto.

Ila mafuta nayo yana tabia tofauti. Ya mapajani na makalioni ni mapole. Yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, hayatulii: humwaga asidi za mafuta kwenye ini, insulini ikazidiwa, presha ikapanda, mishipa ya moyo ikajengeka utando. Siku utando huo ukichanika, damu huganda papo hapo, mshipa ukaziba, na kipande cha moyo kikafa kwa kukosa oksijeni. Ndiyo maana utafiti wa INTERHEART, uliowachunguza watu zaidi ya 27,000 katika nchi 52, ulionyesha mwaka 2005 kwamba kulinganisha kiuno na nyonga kunabashiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko BMI.

Kinachoniudhi ni kwamba mwembamba mwenye kitambi hupongezwa kwa wembamba wake, huku mnene akienda kutibiwa hata sikio anaambiwa kwanza apungue.

Shirika la Afya Duniani huhesabu hatari kuwa kubwa kiuno kikizidi sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Ukijipima, toa pumzi kwanza, wala usivute tumbo ndani. Mimi nilivuta. Namba ikashuka, kitambi kikabaki palepale.