Uint8Array iliyoandikwa tupu: kosa ni la kompaila au letu?

TypeScript, lugha ya programu inayoongeza ukaguzi wa aina za data kwenye JavaScript, ilitoa toleo la 5.9 Agosti 2025, msimu wa korosho ukiwa mlangoni. Kwa watengenezaji wa mifumo ya maghala na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) hapa Mtwara, huo ni wakati mbaya wa kupandisha toleo. Msimbo uliopita salama kwenye 5.8 ulianza kukataliwa na kompaila, programu inayoukagua na kuutafsiri, na hakuna aliyeugusa.

Chukua programu inayohifadhi picha za stakabadhi. Funksheni inapokea `picha: Uint8Array`, yaani orodha ya baiti, kisha inaita `crypto.subtle.digest("SHA-256", picha)` ili kupata alama ya utambulisho ya picha hiyo. Tangu 5.7, Uint8Array ina kigezo cha aina chenye chaguo-msingi, kinachotaja kumbukumbu inayobeba baiti. Ukiiandika tupu, bila kigezo hicho, kompaila inajaza `ArrayBufferLike`, yaani `ArrayBuffer` ya kawaida au `SharedArrayBuffer`, kumbukumbu inayotumiwa na kazi kadhaa kwa pamoja. Kuanzia 5.9, `digest` inataka ya kwanza tu. Ajabu ni kwamba `new Uint8Array(16)` ikipelekwa moja kwa moja inapita. Ikipitia funksheni iliyotaja aina tupu, habari ya kuwa kumbukumbu yake ni ya kawaida inapotea njiani.

Wanaolalamika wana hoja. Picha iliyotoka kwenye simu haiji na `SharedArrayBuffer`, na ukurasa usio na vichwa vya COOP na COEP (maagizo ya seva yanayoutenga ukurasa na kurasa nyingine) kwa kawaida hauwezi hata kuitengeneza. Wanalipia hatari isiyowafikia.

Hata hivyo, naona kompaila ina haki. Kivinjari chenyewe huikataa kumbukumbu ya pamoja hapo kwa `TypeError`. Zamani ungelijua hilo programu ikiwa tayari mikononi mwa karani wa ghala. Ninachowalaumu watunzi wake ni namba: TypeScript haifuati kanuni ya matoleo ambayo npm, kisakinishi cha vifurushi, inaitegemea, yaani badiliko linalovunja msimbo libadilishe namba ya kwanza, hivyo `^5.8.3` inaruhusu 5.9 iingie kimyakimya.

Tiba ni kuandika `Uint8Array<ArrayBuffer>` pale baiti zinapoingia, na kwenye kila funksheni inayozipokea au kuzirudisha. Kosa likitaja `Buffer` ya Node.js (JavaScript nje ya kivinjari), sasisha kwanza `@types/node`, kifurushi cha maelezo ya aina zake. Chaguo la `skipLibCheck` halisaidii, maana linaruka ukaguzi wa faili za `.d.ts` (maelezo ya aina) tu, na kosa liko kwenye faili zako. Kubandika `as any`, yaani kuiambia kompaila isikague aina, kunanyamazisha hata makosa ya kweli. Kama bado unashuku kompaila, punguza msimbo hadi mistari kumi, uujaribu kwenye 5.8.3, 5.9 na `typescript@next` (toleo la majaribio).

Kwa msimu, andika `~5.8.3`, inayoruhusu 5.8 pekee, hifadhi `package-lock.json`, faili linalorekodi matoleo kamili, sakinisha kwa `npm ci` inayolifuata, na 5.9 isubiri mnada wa mwisho upite.